Mlima Hauna Maelewano

Mtu aliyelelewa Eastlands hufika utu uzima akiwa na ujuzi mmoja usiofundishwa chuo chochote: anajua kuelewana. Anaelewana na makanga wa matatu ya 58 kuhusu nauli huku mvua ikinyesha. Anaelewana na keateka wa ploti kule Umoja kuhusu tarehe ya kodi. Kule Gikomba huvutana na muuza viatu mpaka mwenye mali aape kwa marehemu nyanyake kwamba hapo anauza kwa hasara, kisha wanakata katikati. Hata saa ina maelewano: mkutano wa chama ukiitishwa saa nane na kuanza saa tisa u nusu, katibu anaandika kwamba ulianza kwa wakati.

Kisha jioni moja bango la haiki linatua kwenye simu yake. Watu wanaruka juu ya mwamba, mawingu yako chini yao, na meno yote yako nje. Anatuma pesa kabla ya kuuliza ni mlima gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Una kanuni moja tu: mwinuko, mvua na giza havina maelewano. Mengine ni maelezo ya kanuni hiyo.

1. Bango

Juu ya bango pana picha, ambayo huenda si ya mlima unaopelekwa. Katikati pana bei. Chini pana orodha ya yale ambayo bei hiyo imeyabeba: usafiri, kiingilio, mwelekezi, chupa ya maji, mpiga picha na "vaibu". Isome orodha hii kwa makini kuliko ulivyosoma mkataba wa nyumba yako. Chakula hakimo. Vaibu imo, lakini haina kipimo, na mtu hawezi kuila saa nane mchana akiwa kilomita sita kutoka kwa kibanda cha karibu.

Chupa ya maji nayo ina kesi yake. Tangu tarehe 5 Juni 2020 serikali imepiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga za kitaifa, misitu na maeneo mengine yanayolindwa. Kwa hiyo ile zawadi ya nusu lita uliyopewa kwenye basi inaweza kuishia langoni, mikononi mwa askari wa KWS, shirika la wanyamapori, nawe ukaingia mlimani na kiu yako mwenyewe. Beba chupa ya kujazwa tena. Beba mbili. Kwa mlima wa kutwa nzima lita tatu si nyingi, na kwenye Mlima Longonot hakuna mfereji, kijito wala mama wa kuuza maji juu kule.

Kuna pia alama za ugumu: Ngong nne kwa kumi, Longonot sita, Elephant Hill nane na nusu. Alama hizi hutolewa na mratibu mwenyewe, kijana anayekimbia kutoka Donholm hadi Taj Mall ya zamani kila alfajiri bila kufukuzwa na mtu. Ongeza mbili. Ikiwa unaishi Pipeline na hubeba mtungi wa lita ishirini hadi ghorofa ya sita maji yanapokatika, ongeza moja tu. Umefanya mazoezi ambayo watu wa Kilimani hulipia kila mwezi.

Mwisho kabisa utaona "zimebaki nafasi tatu". Zilikuwa tatu wiki iliyopita pia. Usikimbizwe nazo. Tumia muda huo kuuliza maswali mawili ambayo bango halijibu: mwelekezi ni nani, na saa ngapi mnageuka kurudi hata kama hamjafika kileleni? Ukijibiwa kwa emoji ya kucheka, umejibiwa.

2. Msimu

Kalenda ya mlima na kalenda ya mfuko hazijawahi kukutana. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu, asubuhi ni safi na njia ni ngumu chini ya mguu. Lakini hiyo ndiyo Njaanuari. Karo imelipwa nusu, Krismasi inadaiwa yote, na mtu anaangalia bango la Mlima Kenya kwa macho tu.

Machi hadi Mei ni masika. Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu. Ngong unaweza kutembea vilima vyote bila kuviona, ila Mlima Kenya hupata tena siku zake kavu kipindi hicho. Oktoba hadi Desemba ni vuli, na vuli ikikaribia kuisha kila mtu ameshapanda basi kwenda ushago.

Unabaki na wakati gani? Pasaka. Wikendi ndefu, pesa kidogo imerudi, kanisa limeandaa safari ya vijana, na masika yamefikia kilele. Ndiyo sababu watu wengi wa mitaa yetu huonja mlima kwa mara ya kwanza katika mwezi ambao mlima ungependa kuachwa peke yake.

Hapa mzaha unasimama kidogo. Katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, mvua haihitaji kunyesha mahali uliposimama. Inanyesha juu, mbali, usikoona, kisha maji yanakuja kati ya kuta za mwamba, na kuta hizo hazina ngazi. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana wa kikundi cha kanisa waliokuwa kwenye korongo hilo. Septemba 2019, mwezi ambao wengi huuhesabu kuwa mkavu, watu saba walikufa humo humo kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo wingu jeusi likionekana upande wowote, au askari akisema korongo limefungwa, usianze kumweleza kwamba mmetoka mbali na mmeshalipa. Maji hayaulizi risiti.

3. Viatu

Gikomba ni duka kubwa la vifaa vya milimani ambalo halijitangazi. Humo mna buti zilizowahi kukanyaga theluji ya Ulaya, makoti ya kuzuia upepo, mabegi ya mgongoni yenye mikanda ya kiunoni, hata mahema. Amka mapema siku belo linapofunguliwa, kabla kamera, yaani mali bora ya belo, hazijachukuliwa na wenye maduka ya mjini.

Lakini jihadhari na buti inayopendeza mno. Kiatu kilichokaa stoo miaka kumi bila kuvaliwa huonekana kipya, nyayo zake zina meno yote. Shida iko katikati, kwenye ile tabaka ya povu kati ya ngozi na soli. Povu la aina fulani huozeshwa na unyevu wa hewa polepole, kiatu kikiwa kimetulia tu. Siku utakayokivaa kitatembea vizuri kilomita mbili, kisha soli itabaki nyuma nawe utaendelea mbele. Kikunje kwa nguvu kabla ya kulipa. Bonyeza povu kwa kidole gumba. Likimeguka au likitoa unga, mrudishie mwenyewe kwa heshima, hata akishuka hadi mia tatu.

Ukishakipata kizuri, kivae wiki nzima. Nenda nacho Muthurwa, rudi nacho kwa miguu kupitia Jogoo Road. Malengelenge ya Jumatano hutibiwa nyumbani. Ya Jumamosi utayabeba hadi kileleni.

Jinzi iache kitandani. Ikilowa inakuwa nzito, haikauki, na inakunyonya joto mwilini. Raba nyeupe nazo ni za picha. Udongo wa Elephant Hill hauna ubaguzi, lakini raba nyeupe huzipenda zaidi.

4. Archives, saa kumi na mbili kamili

Kila haiki ya Nairobi huanzia karibu na Jumba la Nyaraka za Kitaifa, na kila bango husema saa kumi na mbili asubuhi "kamili". Mtu wa Kayole aliyeamka saa kumi usiku atafika wa kwanza na kusimama na vijana wa magazeti. Mtu wa South B, ambaye angeweza kuja kwa miguu, atafika saa mbili akiwa na kahawa mkononi. Basi litang'oa nanga saa mbili u nusu.

Kuna watu watakaokwambia usiwe na presha, tuko likizo. Wafanyie hesabu. Twende Longonot. Kwanza mtasimama pale juu ya bonde kupiga picha, kwa sababu kila mtu lazima apigwe na Bonde la Ufa mgongoni. Kisha Mai Mahiu, chai na mandazi. Mtafika langoni saa tano. Hapo mratibu atagundua kwamba KWS haipokei pesa taslimu, malipo ni kwa eCitizen, mtandao unazungukazunguka, na watu wanne wamesahau vitambulisho. Saa sita. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo ni kilomita 3.1, za kupanda, kwenye vumbi la majivu ya volkano, jua likiwa utosini. Kuzunguka ukingo ni kilomita 7.2 nyingine, na kilele chenyewe, mita 2,776, kiko upande wa pili wa duara. Kisha 3.1 za kushuka. Katika nchi iliyokaliwa na Ikweta jua huzama karibu saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, na machweo hayana nyongeza. Nusu saa baadaye huoni mguu wako.

Saa mbili na nusu zile zilizopotea Archives hazikupotea. Zimewatangulia mlimani, zinawangoja kwenye mteremko, gizani. Kwa hiyo beba tochi ya kichwani. Ya simu haitoshi, kwa kuwa simu itakuwa imekufa kwa kurekodi video.

5. Wenzako

Mwenye spika. Atacheza gengetone hadi betri iishe. Swala watahama, nawe utatamani kuwafuata.

Wapenzi wapya. Wamevaa fulana za kufanana. Wataachana kati ya kilomita ya pili na ya nne, mmoja akiwa na maji yote.

Mwelekezi anayesema "tumekaribia". Usimchukie. Anajua kwamba ukiambiwa ukweli utaketi chini. Ngong, kila ukimuuliza mmebakiza vilima vingapi, atasema viwili. Ukimuuliza kwenye kilima kinachofuata, viwili.

Mathe wa kanisa, wa Jericho au Maringo, mwenye umri wa kustaafu, amevaa raba za kawaida na leso kiunoni, begi lake lina ndizi, viazi vitamu na chupa ya uji. Hapigi picha. Haongei sana. Mtakapokuwa mmeshika magoti mkihema atawapita akiwauliza mko sawa wanangu. Mpishe njia, mwambie "tuko sawa mathe", na usijaribu kushindana naye. Ukiishiwa chakula, ndiye atakayekupa. Hilo nalo usilipange mapema.

6. Mlima mmoja mmoja

*Ngong.* Hapa ndipo pa kuanzia. Utapanda matatu ya 111 kutoka mjini, utalipa kwa walinzi wa misitu langoni, na utatembea ukiwa na mitambo ya umeme wa upepo kando yako. Miwili ya kwanza ilitolewa na Ubelgiji mwaka 1993, na KenGen ikaongeza mingine mingi baadaye. Watu huitazama mitambo hiyo wakisema imependeza, wasijiulize kwa nini iliwekwa pale. Iliwekwa pale kwa sababu upepo hauishi. Kofia yako uliyonunua jana itafika Kiserian kabla yako.

*Kilimambogo.* Asubuhi isiyo na ukungu unauona kutoka juu ya paa la ghorofa ya Kayole, umelala peke yake upande wa Thika. Una mita 2,145 tu, na barabara hupanda hadi juu, takriban kilomita tisa, kwa hiyo watu huudharau. Kumbuka jina lake si la mapambo: nyati wamo. Tembea na askari wa KWS, na usijitenge na kundi kwenda kujisaidia vichakani ukiwa na aibu nyingi.

Kwenye kilomita ya saba utakuta kaburi la Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki ardhi kubwa chini ya mlima huo, akafariki mwaka 1925. Mjane wake ndiye aliyejenga maktaba ya McMillan pale mjini, iliyofunguliwa 1931, ile ambayo matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamepokea watoto wa Eastlands wasio na meza ya kusomea nyumbani. Inasimuliwa kwamba bwana huyo alitaka kuzikwa kileleni kabisa. Alikuwa na pesa, cheo, shamba na magari. Lakini alikuwa mtu mnene sana, mwinuko ulikuwa mkali, na msafara wa jeneza ukashindwa kuendelea. Akazikwa pale walipofika. Ukianza kuona kwamba mlima una deni nawe kwa sababu umelipa elfu mbili na mia tano, keti kando ya kaburi hilo unywe maji.

*Elephant Hill.* Uko kwenye safu ya Nyandarua, njia inaanzia kituo cha msitu cha Njabini, na kilele kinakaribia mita 3,600. Utaanza na mashamba, utaingia mianzi yenye matope ya kufika kwenye vifundo, kisha utatokea kwenye nyika ya juu isiyo na mti wa kujikinga. Mahali fulani ukingoni pana kituo ambacho wapandaji wamekiita Kituo cha Kukata Tamaa. Bango halikitaji. Ukifika hapo na bado uko nyuma ya ratiba, fuata ushauri wa jina lake. Ukungu hushuka mchana kwa dakika chache, na wale wanaopotea kwenye mianzi mara nyingi ni waliotangulia mbele ili wapate picha bila watu.

*Mlima Kenya.* Batian, mita 5,199, ni wa wenye kamba. Wewe unakwenda Lenana, mita 4,985, alikopandisha bendera ya taifa Kisoi Munyao nchi ilipopata uhuru Desemba 1963. Siku hizi zinapandishwa bendera za chama, za SACCO na za timu ya mpira. Ni sawa. Lakini mitaa yetu iko kwenye mita 1,600 na kitu, na bango linakuahidi kwenda na kurudi katika wikendi moja.

Mwili una kasi yake ya kuzoea hewa nyepesi. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kila usiku kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo. Kwenye njia ya Sirimon, kambi ya Old Moses iko karibu mita 3,300 na Shipton's iko karibu 4,200. Hesabu mwenyewe. Siku moja ya ziada si anasa. Ndiyo inayokununulia kilele. Kichwa kikiuma na ukatapika, usipande zaidi. Ukianza kuyumba unapotembea, kuongea ovyo, au kukosa pumzi hata ukiwa umeketi, dawa ni moja: shuka, sasa hivi, hata kama ni usiku, na usishuke peke yako. Panadol hunyamazisha kichwa, haishushi mlima. Na ujana haukukingi. Kijana mwenye nguvu ndiye hupanda haraka kupita kiasi.

7. Kulala nje

Hema lililoandikwa "watu wanne" linatosha watu wawili na mabegi yao, au watu wanne wanaopendana sana. Lisimamishe nyumbani kwanza, uwanjani, mchana. Watoto wa ploti watakuja kukaa ndani na hawatatoka, lakini utajua kama nguzo zote zipo.

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Alfajiri ya nyuzi 14 Buruburu, ile inayowafanya watu wavae kofia za sufu, ni karibu nyuzi nane chini ya sifuri Lenana. Blanketi la Maasai ni zuri kwa picha. Kwa kulala tafuta mfuko wa kulalia wenye kipimo cha baridi kilichoandikwa, na godoro jembamba la kuweka chini, kwa kuwa ardhi hukunyonya joto kuliko hewa. Mzinga wa pombe haupashi mtu joto. Unamfanya ahisi joto huku akilipoteza, na asubuhi humwachia kichwa asichojua kama ni cha mlima au cha chupa.

Kuhusu chakula: kuna mtu kwenye kundi ataleta githeri mbichi na meko. Mwambie mapema. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Shipton's huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, na maharagwe huwa hayana habari kwamba yako jikoni. Gesi itaisha yakiwa bado yanagonga sufuria. Chemsheni nyumbani. Bebeni chapo, mayai, njugu, vitu visivyohitaji subira.

Moto usiwashe ovyo. Takataka zote rudi nazo, hata ganda la ndizi. Na ukisikia fisi usiku, usifungue zipu kuhakikisha.

8. Kurudi

Kushuka ndiko huvunja magoti. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, kaza kamba za viatu kileleni, na uteremke kwa hatua fupi. Jumatatu utagundua ghorofa yako ina ngazi ambazo hukuwahi kuzihesabu, na utazishuka kinyumenyume ukiwa umeshika ukuta, huku watoto wakikutazama.

Kufikia Jumatano utakuwa umesahau. Picha zitakuwa zimetumwa kwenye kundi la haiki, na katika hizo utaonekana mtu mwenye afya na furaha. Hapo ndipo ugonjwa wa pili huanza: utafikiri nawe unaweza kuandaa safari. Una namba za watu, unamjua mwenye basi, till unayo.

Andaa. Lakini kwenye bango lako weka mistari mitatu mikubwa kuliko picha: basi linaondoka saa kumi na mbili na halimngoji mtu, saa nane mchana tunageuka popote tulipo, mwelekezi akisema shuka, tunashuka na pesa hairudi. Wateja wengi watakwenda kwa jirani yako mwenye vaibu. Utabaki na wachache, na wote watarudi.